Chapeo ya Sauli

Hapa Garissa jua limekwisha kuwa kali ingawa siku ingali changa, lakini hilo si habari kwa mtu wa Kaskazini Mashariki.

Asubuhi ya leo twawaomba mfungue kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17. Hapo Daudi anajiandaa kumkabili Goliathi. Tangu shule ya Jumapili tunakijua kisa hiki kwa sababu ya lile jiwe na lile kombeo. Leo hatutafika kwenye jiwe. Tutasimama kabla yake, kwenye mstari wa 38 na wa 39, mahali ambapo mfalme Sauli anamvika kijana yule mavazi yake mwenyewe ya vita, pamoja na chapeo ya shaba. Daudi akajaribu kupiga hatua, akaona hayaendi. Akavua yote, akayaacha pale pale. Sababu aliyoitoa ni fupi mno: vitu vile hakuwa amevijaribu.

Tumelikumbuka jambo hilo kwa sababu ya baiskeli. Ngojeni, tutawaeleza.

Kwa miezi kadhaa sasa, sisi pamoja na vijana wa hapa mjini tumekuwa tukifanya mazoezi ya mchezo uitwao triathloni. Ni mashindano ya mambo matatu kwa mfululizo: mtu anaogelea, akitoka majini anapanda baiskeli, akishuka anakimbia kwa miguu mpaka mwisho. Hakuna kupumzika katikati, na hata muda wa kubadili nguo na kufunga viatu unahesabiwa. Mchezo huu ulianza katika mji wa San Diego, Marekani, mwaka 1974. Mwaka 1978 ukafika Hawaii ukiwa mrefu wa kutisha: kilometa 3.8 majini, 180 kwa baiskeli, kisha mbio za maratoni. Siku ile walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46 na ushei. Wa pili, John Dunbar, wasaidizi wake waliishiwa na maji njiani wakampa bia. Sisi hatutasema zaidi juu ya hilo. Mwaka 2000, kule Sydney, mchezo ukaingizwa katika Olimpiki kwa kipimo cha kadiri: kilometa moja na nusu za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Sisi hapa tunafuata kile kipimo kidogo cha wanaoanza, ambacho ni nusu ya hicho.

Msidhani kwamba ni mchezo wa watu wa mbali tu. Jirani zetu wa Maralal, kule Samburu, wana mashindano ya ngamia tangu miaka ya 1990, na ndani yake wakaweka mbio za namna tatu: kupanda ngamia, kuendesha baiskeli na kukimbia. Kwa kuwa nchi ile haina maji ya kuogelea, ngamia akashika nafasi ya bahari. Tunaona walifanya vizuri. Watu wa kaskazini hawakungoja waletewe bahari.

Sasa tuwaeleze mazoezi ya hapa, maana mtu asiyeijua Garissa hataelewa kwa nini tunayapenda hivi.

Tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu mchana joto hupita nyuzi 35 na hakuna mwenye akili zake atakayekimbia. Baridi kidogo hutoka upande wa Mto Tana, mwadhini amekwisha kuadhini, punda wa mikokoteni ya maji wanaanza kazi, nasi tunakwenda taratibu katika mstari, watu wanane au kumi, wengine Wakristo na wengine Waislamu. Siku za kwanza mzee mmoja wa Kisomali alitusimamisha kwa fimbo yake. Akauliza, "Pasta, mnakimbia nini? Ng'ombe wamepotea?" Tukamwambia tunakimbia tu. Akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, Mungu awaongoze."

Swali la mzee yule si la kuchekwa. Katika sehemu hii ya nchi, kukimbia kumekuwa na maana moja kwa muda mrefu. Mwaka 1991 watu waliokimbia vita vya Somalia walivuka mpaka, ndipo kambi za Dadaab zikaanza. Mwaka 2011 wakaja wengine wengi, wakikimbia njaa na vita pamoja. Tarehe 2 Aprili 2015 wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Garissa walikimbia usiku kucha haujaisha, na watu 148 hawakuokoka. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo, mtu akionekana anakwenda mbio barabarani alfajiri, wenye maduka walifunga milango kwanza ndipo waulize. Basi kijana wa Garissa anapokimbia kilometa tano huku anacheka, na mwenzake wa dini nyingine anamngoja pale alipochoka, kwetu sisi si mchezo mdogo. Miguu inajifunza upya kazi yake nyingine.

Kuogelea hatuogelei Tana. Tunalisema hili wazi kwa vijana wanaotusikiliza wa Bura, Hola na Madogo: mto una mamba na viboko, na wakati wa mafuriko hauna huruma. Mliona wenyewe mwaka 2023 na 2024 jinsi maji yalivyoikata barabara upande wa Madogo. Kuna nyumba moja ya wageni hapa mjini yenye bwawa dogo la mita 15, na mwenyewe anaturuhusu kabla ya wageni wake kuamka. Ili kutimiza mita 750 ni lazima kukata bwawa lile mara 50. Mtu hupoteza hesabu, na huenda wengine hupenda kuipoteza. Wengi wetu tumelelewa mahali ambapo maji hupimwa kwa mtungi, kwa hiyo kazi kubwa imekuwa kujifunza kuweka uso majini na kutoa pumzi humo humo bila hofu. Miwani ya kuogelea tunayo jozi tatu, tunapokezana. Jozi moja huingiza maji ukifunga mkanda kwa nguvu, haiingizi ukiulegeza. Tulichukua wiki tatu kulijua hilo.

Lakini baiskeli! Hapo ndipo tunapojifunzia uvumilivu.

Baiskeli zetu nyingi ni zile nzito nyeusi ziitwazo Black Mamba, zisizo na gia, zilizotengenezwa kubeba gunia la makaa na si kushindana. Adui yake hapa si mlima, maana Garissa ni tambarare kama meza. Adui ni mwiba wa mathenge. Mti huu uliletwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Umeshika mchanga kweli, na malisho na njia pia umezishika. Mwiba wake hupenya sandali ya tairi la gari, sembuse tairi la baiskeli. Mwezi wa kwanza tulitumia muda mwingi tumechuchumaa kando ya barabara na gundi na viraka kuliko tuliotumia juu ya viti.

Fundi mmoja wa baiskeli karibu na soko ndiye aliyetufundisha. Unachukua mpira wa ndani uliozeeka, unaukata kwa urefu, unatoa mahali pa valvu, kisha unaulaza kati ya tairi na mpira mpya uwe kama shuka. Baiskeli inakuwa nzito zaidi kidogo. Lakini mwiba unakwama kwenye shuka. Tulijaribu pia kupunguza upepo, tukaona tairi linakuwa laini na kukanyaga kunachosha. Tukajaribu kuujaza sana, mgongo ukalia. Sasa kila mmoja anaijua baiskeli yake kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake: hii yataka upepo mwingi nyuma, ile cheni yake hulegea baada ya kilometa 12, nyingine breki ya mbele haifai kuguswa ghafula. Na tungesema uongo tukiwaambia kwamba kazi hii ya kujaribu na kurekebisha si tamu. Baadhi yetu twaipenda kuliko mbio zenyewe.

Turudi kwa Daudi. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kulitazama neno la Kiebrania lililo nyuma ya maneno yetu, na hapa kuna faida. Neno la kujaribu analolitumia Daudi ndilo lile lile la kitabu cha Mwanzo sura ya 22, Mungu anapompima Ibrahimu. Kwa hiyo Daudi hasemi kwamba mavazi ya mfalme ni mabaya. Yalikuwa bora kuliko yote katika Israeli. Anasema kwamba yeye na mavazi hayo hawajapita pamoja mahali pagumu. Kombeo lake limepita. Kila siku malishoni, akiwaangalia kondoo wa baba yake, mkono ulikuwa ukilifahamu.

Kuna kisa cha Abebe Bikila, askari wa Ethiopia, aliyeshinda maratoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa peku. Watu wengi hukisimulia kana kwamba alishinda kwa sababu ya umaskini, au kana kwamba kuvaa viatu ni anasa. Sivyo. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na peku alikuwa amekwisha kufanya mazoezi, kwa hiyo akachagua kile ambacho miguu yake ilikijua. Akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, kule Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, na kwa muda bora zaidi.

Naye Eliud Kipchoge, ndugu yetu wa Nandi, Septemba 2015 katika maratoni ya Berlin, soli za ndani za viatu vyake vyote viwili zilichomoka mapema zikawa zinapigapiga kando ya vifundo. Alikwenda hivyo hivyo kwa kilometa nyingi, mguu ukapata malengelenge, akashinda kwa saa 2 na dakika 4. Hata bingwa kiatu chaweza kumgeuka. Tofauti ni kwamba miguu iliyokuwamo ilikuwa imefanya kazi miaka mingi.

Lakini msituelewe vibaya, ndugu zetu, mkasema kwamba pasta amewaambia vijana kifaa si kitu. Tusiwe watu wa kuwaambia maskini kwamba umaskini wao ni baraka. Mwaka 2016, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, wakimbiaji watano walitoka kambi ya Kakuma, kule Turkana. Mmoja wao, James Chiengjiek, amesimulia jinsi walivyoumia mara kwa mara kwa sababu ya viatu visivyofaa, na jinsi mwenye jozi mbili alivyomsaidia asiye na hata moja. Kiatu kibaya huvunja mguu mzuri. Huo ni ukweli, na kanisa lenye nafasi ya kununua jozi nne za viatu vya mazoezi lisijifiche nyuma ya Daudi.

Hapa kwetu Dadaab kulikuwa na jambo la kupendeza katikati ya miaka ya 2000. Wasichana wa Kisomali walitaka kucheza voliboli, lakini mavazi yao marefu yaliwanasa miguu, na nguo za michezo za kawaida zisingekubaliwa na wazazi wao wala nao wenyewe. Shirika la UNHCR na kampuni ya Nike wakakaa na wasichana hao, wakatafuta pamoja nao vazi la kusitiri ambalo mtu aweza kuruka nalo. Tunalipenda jambo hilo kwa sababu walioulizwa ni wale watakaolivaa. Sauli hakumwuliza Daudi. Alimvika tu.

Katika kundi letu yumo binti mmoja anayesomea uuguzi. Alianza kukimbia amevaa dera na mtandio, akawa kila hatua anashika nguo kwa mkono mmoja. Fundi cherehani wa sokoni akamshonea suruali pana na kanzu fupi ya kufika magotini. Mara ya kwanza ilimbana mapajani kwenye baiskeli. Mara ya pili pindo likaingia katika cheni, tukasimama dakika ishirini kulichomoa. Mara ya tatu fundi akaweka kifungo kwenye kifundo cha mguu, na tangu siku hiyo wavulana wawili tu ndio wanaoweza kumfuata. Majirani wake Waislamu wanampungia mkono. Sisi wanaume nasi tunavaa kaptura za kupita magoti, maana huu ni mji wa watu wenye haya, na hakuna anayependa kuanza siku yake kwa kuyaona mapaja ya kasisi.

Sasa tufike kwa kijana aliyetufanya tulete neno hili redioni.

Ana miaka 22. Ndiye mwenye nguvu kuliko wote katika baiskeli, na tunaamini ana kipaji kweli. Alipokwenda Nairobi aliona baiskeli ya mashindano, nyepesi hata uweza kuiinua kwa vidole viwili. Akarudi hapati usingizi. Anayo mitamba miwili kwa mjomba wake, iliyobaki baada ya ule ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosa, tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Mifugo mingine ya nyumba yao iliisha yote. Akaja kwetu jioni moja akasema, "Pasta, nataka kuiuza. Nisipopata baiskeli ile sitafika popote." Mjomba alikuwa amekwisha kukataa, na mama yake alikuwa analia. Kila mmoja alitumaini kwamba kasisi atasema upande wake.

Wasikilizaji wetu, ni rahisi kusema hapana. Mtamba ni maziwa ya mwaka ujao, ni karo ya mdogo wake, na katika nchi hii ukame haupigi hodi. Lakini ni rahisi pia kwa wazee kuita kila tamanio la kijana kuwa ni upumbavu, kisha tukashangaa anapoondoka kwenda kwa watu watakaomwambia ndiyo kwa mambo mabaya zaidi. Tulikaa naye mpaka taa ikaisha mafuta. Hatukumwambia auze, wala hatukumwambia asiuze. Tulimwuliza kama amekwisha kuipanda.

Hakuwa ameipanda. Aliishika tu.

Yuko mgeni mmoja afanyaye kazi hapa mjini aliye na baiskeli ya namna hiyo. Akakubali kumwazima kwa Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza, kabla ya kilometa mbili, mwiba ukapita, maana tairi lile ni jembamba na haliwezi kulazwa shuka ndani yake. Jumamosi ya pili alikwenda kilometa 20 kwenye lami safi, akatuacha mbali sana, akarudi shingo imekakamaa na mikono ina ganzi kwa ule mwinamo, lakini macho yanang'aa. Hatukuficha furaha yetu kwa ajili yake. Alikuwa mzuri kutazama. Katika mchezo huu ni sharti mtu afunge kofia ngumu kichwani kabla hata ya kuigusa baiskeli yake, na kofia ya yule mgeni ilikuwa kubwa kwake. Ilimshukia machoni kila alipoinama. Hapo binti wa uuguzi akamwita Daudi, na jina limemganda.

Mtume Paulo, anapowaandikia Wakorintho katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza habari za wakimbiaji, alikuwa akisema na watu waliojua. Karibu na mji wao palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alipewa taji la majani ambalo lilinyauka. Nao waliokwenda kushindana Olimpia walitakiwa waape kwamba wamefanya mazoezi kwa miezi kumi. Miezi kumi kwa shughuli ya muda mfupi! Sisi tulipowasomea vijana habari hiyo tulidhani watasikitika. Wakauliza kama huko walikuwa na miiba.

Jumamosi ya tatu ni kesho kutwa. Kijana wetu amemwendea fundi wa sokoni na tairi lile jembamba mkononi, na wawili hao wamekuwa wakikata vipande vya mpira tangu juzi, wakitafuta kitu chembamba cha kutosha. Mjomba wake amesema atakuja kutazama. Hajasema neno jingine, na mitamba ingali malishoni.

Tutakutana upande wa mjini wa daraja, saa kumi na moja na nusu. Mwenye pampu aje nayo, yetu imeanza kuvujisha upepo. Mungu awalinde. Kwaherini.